Nishikie Hasira Yangu

Kijiko cha kwanza kilikuwa asali ya maua ya mti wa muba, cha pili ya mti wa mtundu, na cha tatu maji ya sukari yaliyochemshwa na mjanja mmoja aliyedhani ushirika wa Tabora umelala. Nyamizi Mgalula akavilamba vyote vitatu, akafumba macho, akausubiri ulimi wake umwambie kitu. Ulimi haukusema neno.

"Ipi ya uongo, mama?" aliuliza msimamizi wa ghala.

"Ya pili," akabahatisha.

Msimamizi akashusha macho. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoumiza zaidi. "Wiki hii pumzika, mama. Ukipata nafuu utarudi."

Kwa miaka kumi na tisa Nyamizi alikuwa mwonjaji wa ushirika ule. Mashine za kupimia asali zililetwa mara mbili, na mara mbili zikarudishwa kwenye maboksi yake, maana wanunuzi wa ng'ambo walizipita wakauliza yule mama yuko wapi. Angeweza kukwambia mzinga ulining'inizwa kwenye mti gani na kama moto wa msitu ulipita karibu mwezi huo. Sasa kijiko chenyewe kilikuwa kinamtetemeka mkononi, taya lake lilitafuna na hakuna kitu mdomoni, na mate yalikuwa yanamtoka pembeni asijue mpaka yamfike kidevuni. Wiki tatu zilizopita hakuwa hivyo. Wiki tatu zilizopita alikuwa mtu.

Alitaka kukasirika. Hasira ilikuja polepole, ikijikongoja, lakini ilikuja, na Nyamizi akaishukuru kama mtu anavyomshukuru ndugu wa mwisho aliyebaki nyumbani. Ngazi ya nane ya dawa haikuwa imeimaliza.

Kijiti kilikuwa chini ya ngozi ya mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, urefu wa njiti ya kiberiti. Kina mama wa zamani waliwekewa vijiti vya uzazi wa mpango mahali hapo hapo, na jina likahamia kwa hiki kipya. Ndani yake mlikuwa na dawa ya miaka mitano, inayotoka tone kwa tone. Tena kilikuwa na sikio. Sikio hilo lilimsikia mwenye nacho peke yake, kupitia mifupa yake, kwa sababu sheria ilikataza kurekodi watu wasiohusika. Maneno yote yalikwenda kwa Mizani, mtambo uliokuwa Dodoma, nao uliyapima. Je, huyu anaongea na asiyekuwepo? Anadai yeye ni mtu mwingine? Anasema anaonewa? Anafoka? Mizani ikiona dalili ilipandisha dozi ngazi moja, na kijiti kilitetema mara tatu ili mwenye nacho ajue kwamba ametunzwa. Neno ni lao hilo, ametunzwa. Kupanda kulichukua dakika nne. Kushuka kulihitaji kikao.

Na asije mtu akasema Nyamizi alikuwa adui wa dawa. Alikuwa na miaka ishirini na tatu sauti zilipoanza kumsema usiku na mchana, zikamwambia maji ya bomba yametiwa sumu na mama yake mzazi, na akaishi mwaka mzima kwenye mabehewa mabovu ya reli, akinywa maji ya madimbwi. Dawa ndiyo iliyomrudisha. Kwanza vidonge, halafu sindano ya kila mwezi, halafu kijiti. Kwa miaka kumi na moja alikaa ngazi ya tatu, na katika ngazi ya tatu sauti zilinyamaza, ulimi ukawa wake, mikono ikawa yake, na akikosewa alikasirika kama binadamu yeyote. Alikuwa radhi kuzeeka na kufa akiwa ngazi ya tatu.

Kilichomwondoa pale ni msiba wa Kondo.

* * *

Kondo Mwinshehe alikuwa Mzaramo, dereva wa treni mstaafu, jirani yake wa ukuta mmoja. Nyamizi ni Mnyamwezi. Asiyejua maana ya hilo hajazaliwa nchi hii. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pwani, na mtani ana kazi yake msibani: wengine walie, yeye achekeshe. Amvae marehemu, aige sauti yake, awatukane wafiwa, alale mlangoni jeneza lisitoke. Asipofanya, msiba ule ni wa yatima.

Basi Nyamizi alifanya. Akavaa kofia ya Kondo ya reli na koti lake lenye vifungo vya shaba, akajilaza kizingitini, akafoka kwa sauti ya Kondo ile ya puani. Watu walicheka mpaka wakalia vizuri. Sikujua, dada wa marehemu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekauka kama gogo, hana chozi wala neno, alimrukia Nyamizi akamvua kofia, akamtukana ukoo mzima, kisha akamwangukia kifuani na machozi yakamtoka hatimaye. Jeneza likatoka. Ulikuwa msiba mzuri.

Katikati ya mambo yale mkono ulitetema. Ukatetema tena na tena. Nyamizi alidhani ni simu. Jioni alipotaka kuosha vyombo, sahani ilimtoka mkononi, na alipotazama kisomeo chake kidogo cha mkononi kiliandika: ngazi ya nane. Umetunzwa.

* * *

"Saini tu, mama," alisema Daktari Tumsifu. "Nakuomba. Saini."

Daktari Tumsifu alikuwa mwanamke wa Moshi, ana miaka mitatu Tabora, na Kliniki ya Utulivu yote ilimwegemea yeye na wauguzi wawili. Hakuwa mtu mbaya. Nyamizi angefurahi kama angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi kumchukia.

Karatasi ilikuwa mezani kati yao. Iliitwa Tamko la Utambuzi. *Mimi natambua kwamba siku iliyotajwa nilikuwa mgonjwa, na maneno niliyoyasema yalikuwa dalili. Naruhusu Mizani ijifunze kutokana nayo.*

"Sikuwa mgonjwa," Nyamizi alisema. Maneno yalimtoka mazito, moja moja.

"Najua unavyoona wewe. Lakini ukisema kikaoni kwamba hukuwa mgonjwa, Mizani inalihesabu hilo: mgonjwa asiyejua kuwa ni mgonjwa. Ni dalili. Unapanda ngazi ya tisa. Ukisaini, umeonyesha utambuzi, unaanza kushuka kesho. Baada ya miezi mitatu uko ngazi ya tatu, uko kazini, unaonja asali yako."

"Kwa hiyo nikisema kweli, mimi mgonjwa. Nikisema uongo, mimi mzima."

Daktari akasugua paji la uso. "Usiliweke hivyo."

"Wewe ungeliweka vipi?"

Daktari akapeleka mkono shingoni. Alivaa hapo ufunguo mdogo wa plastiki nyekundu, na vidole vyake viliuchezea kila alipokosa jibu. Nyamizi aliujua ufunguo ule. Daktari wa zamu angeweza kuuweka juu ya kijiti ukakiziba sikio na kurudisha dozi ya zamani papo hapo. Kanuni iliruhusu, ila lazima daktari aandike sababu kwa mkono wake na aisimamie mbele ya wakubwa. Hakuna daktari aliyewahi kuutumia. Uliishia kuwa kitu cha kuchezewa.

"Hili neno 'ijifunze'," Nyamizi alisema, kidole chake kikitetemeka juu ya karatasi. "Ijifunze nini?"

Daktari akauchezea ufunguo. "Mizani bado ina shaka na maneno ya msibani. Ilikupandisha kwa tahadhari. Ukikiri, shaka inaondoka."

"Ikishaondoka?"

"Itakuwa inajua."

"Itajua kwamba mtani msibani ni kichaa. Na wenye vijiti kanda hii tuko wangapi?"

"Elfu kumi na mbili na ushee."

Nyamizi akawafikiria. Akamfikiria Kasubi wa mtaa wa Isevya, Mnyamwezi mwenzake ambaye walikuwa wakikutana foleni ya kliniki, ambaye hakuna msiba wa Mzaramo uliopita mjini bila yeye kulala mlangoni. Kasubi angelala mlangoni mwezi ujao, maana watu hawaachi kufa, na angeamka jioni anatafuna hewa. Naye asingejua kosa lake. Hata kikao asingepewa, kwa kuwa jambo lilishaamuliwa, kwa saini ya Nyamizi Mgalula.

Lakini alitaka ulimi wake! Mungu ndiye anayejua alivyoutaka. Alitaka kushika kikombe bila kumwaga. Alitaka kulala ubavu bila miguu kutembea yenyewe kitandani. Miezi mitatu si mingi. Nani angemlaumu? Kalamu ilikuwa pale pale, na kwa dakika nzima aliitazama kwa uchu ambao hakuwahi kumtazamia mwanamume.

"Kwetu tunataniana pia," Daktari alisema polepole, kama anayejitetea, "lakini maiti hatumchezei. Kusema kweli, niliposoma maneno yako, mama, niliogopa."

"Ulisoma," Nyamizi alisema. "Ungekuwepo ungecheka."

Akainuka na karatasi yake bila kuisaini.

* * *

Kikao kilikaa Alhamisi saa nne asubuhi, chumba cha juu cha kliniki. Daktari Tumsifu alikuwa mwenyekiti. Katibu alikaa kushoto kwake. Kulia alikaa mhandisi wa Mizani, aliyeshuka kwenye treni ya asubuhi hiyo hiyo kutoka Dodoma, suti ya kijivu, viatu visivyojua vumbi. Kibao mbele yake kiliandikwa *Mhandisi Shomari Pazi*. Nyuma kabisa, kwenye benchi la ndugu, alikaa Sikujua na baibui lake, mkoba magotini. Ndugu waliruhusiwa kukaa, si kusema.

Mhandisi akasoma. "Saa saba na dakika kumi na mbili. 'Mimi ndiye Kondo. Nani kasema nimekufa? Nawaona wote mnavyonilia uongo.' Saa saba na kumi na nne. 'Siendi huko shimoni, wananipeleka kwa nguvu. Treni yangu mmeificha wapi?' Saa saba na kumi na tisa. 'Mmeniua nyie, mmeniua mpate kurithi kofia yangu.'"

Alisoma kama anayesoma ratiba ya mabehewa. Na yakisomwa hivyo, ndani ya chumba kile cheupe, hata Nyamizi mwenyewe aliusikia wazimu. Hilo lilimtia hasira kuliko yote yaliyotangulia. Walikuwa wamemwibia kicheko, wakamrudishia maganda, na sasa wanamwonyesha maganda na kumwuliza kama hayo si ya kwake.

"Walionijibu wako wapi?" aliuliza.

"Kifaa hakirekodi watu wengine," alisema mhandisi. "Ni kulinda faragha yao."

"Nilisema mmeniua, Sikujua akajibu nini?"

"Hatuna."

"Akajibu, 'Tumekuua kwa kuwa ulikuwa unakoroma kuliko injini yako.' Watu wakaanguka chini. Hilo hamna?"

"Hatuna, mama."

"Kwa hiyo mmechukua nusu ya mazungumzo mkaipa jina la ugonjwa. Utani wa upande mmoja ni wazimu, baba. Mngeniletea mimi karatasi hiyo ningesema huyu mama afungwe kamba."

Kwenye benchi la nyuma Sikujua alikohoa. Katibu akamnyoshea kidole.

Nyamizi akamtazama mhandisi, kisha akakitazama kile kibao, na kwa mara ya kwanza siku ile alilisoma jina vizuri. "Wewe Pazi. Pazi wa wapi?"

Mhandisi akapangusa miwani. "Kisarawe. Lakini sioni uhusiano."

"Mzaramo!" Nyamizi alisema, na uso wake mgumu ukajitahidi kutabasamu. "Nimekaa na mtumwa wangu chumba kimoja nusu saa sijui. Haya inuka, uniletee maji ya kunywa. Babu zako waliwachotea maji babu zangu walipofika pwani na mizigo, na sijasikia kama kazi hiyo mmeachishwa."

Mtani akirushiwa neno hujibu. Mtoto wa miaka saba hujibu, mzee anayekata roho hujibu. Ilitosha aseme wapagazi nyie, mmebeba mizigo mpaka shingo zimezama kifuani. Neno moja tu, na Daktari angeona kwa macho yake kwamba huu ni mlango wenye watu pande zote mbili. Nyamizi akaona pembe ya mdomo wa mhandisi ikicheza. Alilijua jibu! Lilikuwa pale, kwenye ulimi wake, alilinyonya na maziwa ya mama yake.

Akalimeza. Akatazama meza.

Mkono wa Nyamizi ukatetema mara moja, ya onyo.

"Mhandisi," Daktari alisema, "hiki ndicho anachokisema? Huu ni utani?"

"Mfumo hauna kipengele hicho, Daktari."

"Nimekuuliza wewe."

"Mimi niko hapa kwa niaba ya mfumo."

Hapo ndipo hasira yote aliyokuwa ameiwekea akiba, ile iliyokuwa ikijikongoja wiki tatu, ilifika kwa pamoja. Nyamizi akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mwoga we! Ungekuwa hujui ningekusamehe. Huyu wa Moshi hajui, nimemsamehe. Wewe unajua! Umekuja na treni, siku yako ya kufa nani atalala mlangoni? Mizani? Mizani itavaa kofia yako? Dawa mimi siikatai, andikeni hapo, siikatai! Iliniokoa. Ninachokikataa ni mikono yenu kwenye kipimo changu, mkinipunguza kila nikiwaudhi. Nikilia, ngazi. Nikicheka, ngazi. Nikisema mmenionea, ngazi! Binadamu gani asiyesema ameonewa akionewa? Mmetengeneza kitu kinachomwadhibu mgonjwa kwa kuwa mzima!"

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Wote walijua kilichotokea, kwa kuwa alinyamaza akajishika mkono. Katibu akatazama kioo chake. "Ngazi ya tisa," alisema, akiwa na aibu kidogo.

Daktari Tumsifu alikuwa ameshika ufunguo wake. Alisukuma Tamko la Utambuzi hadi ukingoni mwa meza, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Bado unaweza, mama. Sasa hivi. Ngazi ya kumi ni wodi, na wodi sina uwezo wa kukutoa mimi."

Nyamizi aliichukua kalamu. Ilimchukua muda, maana vidole havikutaka kukunjwa. Mahali pa saini aliandika maneno mawili yaliyopinda yakapanda hadi kwenye mstari wa juu: *Nilikuwa mzima.*

* * *

Dawa ikitoka kwenye kijiti huchukua mpaka jioni kuenea kichwani. Nyamizi aliyajua masaa hayo. Walikaa yeye na Sikujua kwenye ngazi za nje za kliniki, jua likiwachoma, na hakuna aliyehama.

"Ningemjibu mimi," Sikujua alisema. "Yule mwanaharamu wa Kisarawe ametuaibisha ukoo mzima. Nilikuwa nalo jibu mdomoni, linaniunguza mpaka sasa."

"Wangekutoa nje, basi."

"Wangenitoa na jibu limeshaingia."

Nyamizi alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu alianza kuhisi upande wa mbali wa kicheko ukififia. Akamshika mwenzake mkono.

"Sikujua. Nisikilize, bado ninayo. Kesho nitakuwa sina. Kesho ukiniuliza kama wamenikosea nitakwambia ni sawa tu, na nitakuwa nasema kweli yangu ya kesho. Usinisikilize." Akaubana ule mkono. "Nishikie hasira yangu."

Sikujua alimtazama. Huyu ndiye aliyelala kizingitini ili yeye apate kulia. Tangu siku ile alikuwa akitafuta namna ya kulipa fadhila, na fadhila ya mtani hailipwi kwa asante.

"Nipe na nguo zako," alisema.

"Nguo gani?"

"Kitenge hicho, na aproni yako ya asali. Nikishika kitu nakishika chote, mpagazi we."

* * *

Ijumaa asubuhi muuguzi wa zamu alipofungua mlango mkubwa wa Kliniki ya Utulivu, alimkuta mwanamke amelala kizingitini kwa urefu wake, amevaa kitenge cha njano na aproni ya ushirika wa asali. Taya lake lilitafuna hewa. Mikono yake ilitetemeka juu ya tumbo.

"Siondoki!" alifoka yule mwanamke kwa sauti ya Kinyamwezi nzito. "Mimi ndiye Nyamizi Mgalula! Nani kasema nimetunzwa? Nimekasirika! Nipandisheni! Kwani ngazi zimewaishia?"

Foleni ya wagonjwa ya asubuhi ilisimama ikashangaa. Nyamizi mwenyewe alikuwa kwenye benchi la barazani, amevishwa gauni lililomzidi, mate kidevuni, akitazama. Aliona kila kitu vizuri. Aliona kwamba Sikujua alikuwa amelisoma lile taya lake kwa makini, na mguu unaokataa kutulia, na namna anavyotafuta neno. Alijua hapo zamani angehisi jambo kubwa kuona vile. Akalitafuta jambo hilo ndani yake, akakuta chumba kimefagiliwa.

Ndani ya kliniki mhandisi Pazi, aliyelala chumba cha wageni, alikuwa na treni ya saa tatu. Alifika hadi mlangoni na mkoba wake, akamwona aliyelala pale, akamsikia. Mzaramo hamruki mtu aliyelala kizingitini, hata avae suti ya wapi.

"Ruka!" Sikujua alimwambia. "Si mfumo hauna kipengele? Ruka tuone!"

Mhandisi akageuka. Baadaye kidogo foleni nzima ilimwona akitokea dirisha la stoo, mguu mmoja baada ya mwingine, miwani imekaa upande. Hakutazama nyuma.

Daktari Tumsifu alikuja mbio na kisomeo. Akapiga goti, akakiweka kwenye mkono wa kushoto wa Sikujua. Kimya. Akajaribu mkono wa kulia.

"Hamna kitu humo," Sikujua alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, akimtazama usoni. "Unaona ubaya wake? Hii hasira ni yake, neno kwa neno, nilipewa jana kwenye ngazi zako. Kwake ni ugonjwa. Kwangu utaifanya nini? Nizime basi, Daktari. Nizime!"

Daktari akainuka taratibu. Akaenda kwenye benchi, akaketi karibu na Nyamizi, akamwekea mkono begani, vidole vikagusa mahali kijiti kilipo. "Mama," alisema, "na wewe unasemaje?"

Watu wote wakangoja. Nyamizi akatafuta hasira, hakuikuta. Akatafuta huzuni, hakuikuta. Lakini chini kabisa, mahali ambapo tone la dawa lilikuwa halijafika, au labda haliwezi kufika, palikuwa na kazi ambayo mtu huifanya hata akiwa usingizini. Mtani alikuwa amerusha neno. Neno hujibiwa.

Alimtazama yule mwanamke mlangoni. Ulimi wake ukajiburuza.

"Huyo… si mimi," alisema. "Mimi… mzuri. Huyo… ananuka nazi."

Baraza zima likalipuka. Wagonjwa walicheka, muuguzi alicheka akiwa ameshika nguzo, Sikujua alicheka akiwa bado chini, akipiga sakafu kwa kiganja. Na Daktari Tumsifu wa Moshi, ambaye kwao maiti hachezewi, kicheko kilimtoka kabla hajakizuia.

Akiwa bado anacheka, kijiti kikatetema chini ya vidole vyake. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Ngazi ya kumi: Mizani ilikuwa imesikia 'si mimi' peke yake. Daktari alifunga mdomo. Alitazama mkono wake mwenyewe kana kwamba ndiye aliyefanya, na kwa namna fulani ndiye, maana ndiye aliyemwuliza. Kupanda ni dakika nne. Akauvuta ufunguo mwekundu shingoni, kamba ikamkwama kwenye nywele, akaikata. Akaubonyeza juu ya kijiti, na kisomeo kikatoa sauti, kikaonyesha ukurasa mtupu wenye neno moja juu: *Sababu.* Kalamu ya kioo ikasimama hewani. Daktari alikuwa ametetea mambo mengi kwa maandishi maishani mwake, lakini hili hakujua lianzie wapi.

"Niandike nini?" alisema, akimwuliza yeyote. "Watanifukuza. Niandike sababu gani?"

"Andika ulichokifanya," Sikujua alisema kutoka kizingitini. "Andika, 'Nilicheka.'"

Daktari aliandika. Ilikuwa sentensi fupi kuliko zote alizowahi kuweka kwenye faili la mgonjwa. Kisomeo kikafikiri. Kikaandika ngazi ya tatu. Ila dawa iliyokwisha kuingia mwilini ingechukua wiki kadhaa kutoka, na wakubwa wa Dodoma wangechukua muda mfupi zaidi kupiga simu. Ndani, kwenye meza ya mapokezi, tayari simu ilikuwa inalia.

"Usiamke hapo mlangoni," Daktari akamwambia Sikujua.

"Nani anaamka?"

Nyamizi alikuwa anamtazama mtani wake bila kupepesa. Kulikuwa na kitu alichotaka kukiuliza tangu asubuhi, na sasa alikipata. "Sikujua. Nilikupa… kitu. Jana. Kiko wapi?"

"Ninacho hapa, mpagazi wangu, kinachemka." Sikujua alijilaza vizuri zaidi, akaikunja aproni ya asali chini ya kichwa chake. "Siku utakayoonja ukaijua ya uongo, njoo ukichukue."